Siku Uliponifuata Mlimani Hanang

Dada yangu Restituta, shikamoo.

Nimeanza na shikamoo kwa sababu hata juzi nilipofika Endasak kuwaona watoto, neno hilo lilinitoka nikiwa bado uani, kwa sauti, kama zamani. Shemeji Gidayeda akatoka nje akanitazama. Akanipokea mzigo, tukaingia ndani. Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike, na bado kuna sehemu ya mwili wangu ambayo haijapata taarifa.

Nakuandikia nikiwa hapa kijijini Daudi, kwenye kibanda changu cha ushonaji. Ni asubuhi, ukungu haujainuka mashambani na vidole vyangu vina baridi. Barua hii nimeamua isomwe na wengine pia. Huku kwetu ziko nyumba nyingi zenye ndugu aliye kama mimi, amewekwa chumba cha nyuma, mgeni akija mlango unafungwa. Siwalaumu. Hawajui waanzie wapi. Wewe nawe hukujua, lakini ulianza.

Mama alipofariki ulikuwa na miaka kumi na sita, mimi nina saba. Ulinilea kwa sauti ya ukali na sahani iliyojaa. Uliniogesha kwa maji ya baridi ukisema yanakomaza. Ulipoolewa Endasak nililia wiki nzima, na ulipokuja kututembelea ukaniambia, "Sijaenda mbinguni, nimeenda Hanang tu." Kwa hiyo nilipofika miaka ishirini na sita na kichwa changu kikaanza kuniendesha, sikumtafuta mtu mwingine.

Wiki ile nilikuwa sijalala siku nne. Na sikuchoka, dada. Hilo ndilo watu hawalielewi. Mwili ulikuwa mwepesi, mawazo yanakuja moja juu ya jingine, mazuri yote, na mimi nayashangaa kama mtu aliyefunguliwa ghala la chakula wakati wa njaa. Nilichukua vitambaa vya wateja nikavikata, kila kimoja nikakigeuza kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Mama mmoja aliyeleta kitenge cha gauni alikuta nimemshonea mapazia. Nilikuwa na hakika nimegundua namna ya kushona nguo isiyo na mshono. Nilikupigia simu nikicheka, nikakupigia tena nikilia, halafu nikakupigia nisijue nilitaka kusema nini. Ulinisikiliza, kisha ukasema neno moja: "Njoo."

Nikaja. Nilibadilisha magari mawili na pikipiki, na kila niliyekaa naye nilimsimulia maisha yangu.

Asubuhi iliyofuata ulikuwa unapalilia maharage. Nilitoka ndani nimevaa shati jeupe la harusi la shemeji, sijui nililitoa wapi, nikakutangazia, "Dada, leo napanda mlima."

Hukuuliza kwa nini. Uliutazama mlima, ukaitazama miguu yangu. "Bila viatu?"

Nikaangalia chini. Kweli, sikuwa na viatu. Tulicheka wote wawili. Ulikuwa na kicheko cha kukohoa, cha kujizuia, na siku ile hukujizuia.

Shemeji ndiye hakucheka. Alikuja kutoka zizini na kamba mkononi. Mpaka leo simchukii kwa hilo, maana alikuwa na hofu na alijua dawa moja tu ya kiumbe anayekimbia. "Tumfunge mpaka apoe," alisema. "Huko juu kuna makorongo. Ataanguka."

"Hiyo ni kamba ya ng'ombe," ulimwambia. "Huyu ni mdogo wangu."

"Na akianguka?"

"Nitakuwa naye."

Ukaweka jembe chini, ukaingia ndani, ukatoka na viatu vyangu, chupa ya maji na viazi vya kuchemsha ulivyofunga kwenye khanga. Ukanifungia kamba za viatu kama mtoto wa darasa la kwanza. Tukaondoka.

Dada, ninataka kukuambia nilichokiona siku ile, kwa sababu nadhani sikukieleza vizuri, na kwa sababu bado kinanishangaza. Majani ya mahindi yalikuwa yanatoa mwanga. Sisemi yaling'aa kwa umande. Nasema kila jani lilikuwa na taa yake ndani, na taa hizo zilijuana. Ndege mmoja alilia na nikasikia mwamba ukimjibu. Nilijua majina ya mawe. Nilikuwa natembea mbele, naongea bila kupumua, na moyo wangu umejaa mpaka unauma. Nikakuuliza bila kugeuka, "Unaona?"

Mtu mwingine angekubali ili ninyamaze. Wewe ulisema, "Mimi naona majani, mdogo wangu. Lakini niambie, wewe unaona nini?"

Nikakuambia. Nilikuambia kuanzia shamba la mwisho mpaka tukaingia msituni, na kutoka kwenye kijito mpaka miti ikaanza kuwa mifupi. Nilisikia hatua zako nyuma yangu, tatu nne hivi, hazikaribii wala hazibaki nyuma. Kila nilipokosea njia ulisema tu, "Huku." Daktari baadaye aliniambia kwamba ulimwengu niliouona siku ile ulikuwa wa ugonjwa. Sibishani naye. Ila ulikuwa ulimwengu, na wewe uliniuliza habari zake.

Msitu ulipoisha tulikaa kwenye jiwe. Chini yetu ziwa Balangida lilikuwa jeupe kwa chumvi, na mbali kabisa, upande wa Basotu, mashamba ya ngano yalikuwa kama mkeka ulioanikwa. Ulinipa kiazi. Nakumbuka kile kiazi kuliko chakula chochote nilichowahi kula, kwa sababu nilianza kukimenya nikiwa mfalme wa dunia nzima, na kabla ganda halijaisha nilikuwa mtu asiyestahili hata kile kiazi.

Hakuna kilichotokea, dada. Watu huniuliza, "Ulisikia nini? Uliona nini?" Hakuna. Wingu lilikuwa mbali bado. Hakuna aliyenikosea. Ni kama mtu aliyekuwa amebeba kitu kikubwa ndani yangu aliachia mikono. Mwanga ulitoka kwenye majani, yakabaki majani. Nikaona mapazia ya yule mama, nikaona vitambaa vya watu nilivyoharibu, nikaona jinsi nilivyowasumbua wasafiri wa watu. Nilianza kusema, "Dada, mimi nime..." na sikumaliza.

Baadaye nikasema, "Shuka wewe. Mimi niache hapa."

Ulielewa nilichokuwa namaanisha. Hukusema, "Usiseme hivyo." Hukunitajia Mungu wala marehemu mama. Uliinuka ukahama upande, ukakaa upande wangu wa kulia. Miaka mingi baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba upande wa kulia ndiko korongo lilikokuwa.

"Basi hatushuki sasa," ulisema. "Tukae."

Tulikaa. Nililia mpaka kola ya shati la shemeji ikalowa. Halafu, bila onyo, kilio kikageuka hasira. Nikakuuliza nani alikuita. Nikasema unanilinda kama mbuzi, kwamba umenifuata ili uwasimulie watu. Nilisema jambo kuhusu mama ambalo sitaliandika hapa. Nikarusha chupa ya maji ikapotelea chini. Wewe ukasema, "Maji yalikuwa ya wote wawili," kwa sauti ile ile ya ukali uliyotumia nilipomwaga maziwa utotoni. Hilo tu. Kisha wingu likatufikia, likatupita usoni, baridi, na mimi nikacheka, nikataka kulikamata kwa mikono.

Kicheko, kilio, hasira, kicheko tena. Jua lilikuwa halijafika hata upande wa pili wa mlima. Nilikuwa mtu mmoja ndani ya shati moja, na katika mchana mmoja walipita wanne.

Nilipochoka, na uchovu wa siku nne ulinifikia wote kwa pamoja, ulisema jambo ambalo ndilo chanzo cha mimi kuwa hai leo. Ulisema, "Nimekuangalia. Kabla hujageuka, unaacha sentensi katikati. Umefanya hivyo mara tatu."

"Sikujua," nikasema.

"Mimi nimejua."

Tulishuka taratibu. Ulitangulia ukanipa pindo la khanga nishike. Shemeji alikuwa amesimama mpakani mwa shamba, anatazama juu, kamba iko begani, ameisahau. Alipotuona aliondoka haraka kwenda kuchinja kuku.

Kesho yake tulipanda pikipiki moja kwenda hospitali: dereva, mimi katikati, wewe nyuma umenikumbatia kiuno. Kwenye benchi watu walinitazama, nawe uliwatazama mpaka wakatazama kwingine. Daktari alikuwa binti mdogo tu, ana miwani. Aliniuliza maswali nikajibu ovyo. Akakugeukia wewe. Ukamsimulia siku nzima, kuanzia shati mpaka kuku: alianza kucheka jua likiwa hapa, akalia jua likiwa pale, sentensi zilikatika hivi. Daktari aliacha kuandika. Akasema, "Dada, wewe umenisaidia kuliko kipimo chochote nilicho nacho."

Akatupa jina la ugonjwa: baipola. Alieleza kwamba kwa wengi hali ya juu na hali ya chini hukaa wiki au miezi, kila moja kwa zamu yake. Kwa wengine, kama mimi siku zile, zote mbili huchanganyika na kupokezana haraka mpaka mtu hajui ameshika ipi. Akasema sijarogwa, sina laana, na sina tabia mbaya. Kwamba usingizi kwangu ni dawa kama dawa nyingine. Kwamba vidonge vitachukua muda, na nisiviache bila kumwona yeye.

Nikaviacha, kama unavyokumbuka. Vilinitetemesha mikono, na fundi cherehani anayetetemeka ni sawa na dereva asiyeona. Ningemwambia daktari, angebadilisha. Badala yake nikanyamaza, na baada ya miezi miwili nilikuwa nimepanda meza ya duka la watu sokoni nahutubia. Ulikuja Daudi siku hiyo hiyo. Hukunigombeza mbele ya watu. Ulinigombeza nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, mpaka jirani akaanza kukuomba unionee huruma.

Tuliporudi kliniki nikabadilishiwa dawa, na mikono ikatulia. Ilikuwa jioni moja baada ya hapo, unachambua maharage jikoni kwangu, nilipokuuliza swali lililokuwa linanila. Nilikuambia: kuna yule anayecheka na kuona taa kwenye majani. Kuna yule asiyetaka kushuka mlima. Kuna yule aliyekutukana. Na kuna huyu anayekunywa vidonge na kukaa kimya. Yupi kati yao ndiye mimi?

Hukuacha kuchambua. "Sijui," ulisema. "Mimi wote nimewapikia."

Dada, nimesikiliza madaktari, nimesikiliza wachungaji, nimesoma karatasi nyingi walizonipa. Sijapata jibu lililonitosha kama hilo. Nilikwenda nje nikasimama penye migomba nikipumua, kwa sababu nilikuwa nimeogopa kwamba siku moja ungechagua mmoja wa kumpenda na kuwafukuza wengine, na kumbe ulishawakalisha wote mezani.

Sasa nikueleze ambayo hukuyaona.

Ulipofariki kwa presha ile ile uliyokuwa unaidharau, kila mtu aliniangalia mimi. Niliona macho yao. Waliniogopea kuliko walivyokulilia. Nami nilijiandaa kuanguka. Lakini siku ya mazishi, nikiwa nimeshika udongo mkononi, kilichokuja kilikuwa kinyume. Furaha, dada. Ilipanda kutoka miguuni. Kaburi lako likaanza kung'aa pembeni. Nilitaka kuimba, nilitaka kuwaambia watu wote kwamba hujafa, kwamba najua siri. Nikamgeukia jirani nikasema, "Unajua, dada yangu ali..." na sentensi ikakatika.

Nikaisikia ikikatika. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mimi niliyeisikia.

Nilitupa udongo wangu. Nikamtafuta shemeji katikati ya wanaume, nikamshika mkono nikamwambia sikioni, "Shemeji, nimeanza."

Alikuwa ndiye mfiwa mkuu, dada. Wazee wa ukoo wake walikuwa wamekaa wakimsubiri. Aliniangalia kidogo, akavua koti lake akanivika, akawaambia, "Nisameheni, nampeleka shemeji hospitali. Restituta angefanya hivyo." Akakuacha wewe chini ya udongo mbichi, akapanda nyuma yangu kwenye pikipiki ya kukodi, akanikumbatia kiuno. Nilihisi kifua chake mgongoni kwangu, kinaruka ruka. Alikuwa analia njia nzima, na mimi mbele yake natabasamu nisiweze kujizuia. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sijawahi kushikwa vizuri kama vile.

Nililazwa siku tisa. Kilio changu kwa ajili yako kilikuja siku ya saba, kilio cha kawaida, cha mtu aliyefiwa. Nilikifurahia, kama unaweza kuelewa.

Tangu hapo sijalazwa tena. Sisemi nimepona, daktari ameniambia neno hilo tuliache. Nalala mapema. Kliniki siruki. Zipo asubuhi ninaamka mzito, sindano inanishinda, nageuza kibao cha kibanda narudi kitandani, na sijiiti mvivu. Na zipo asubuhi kama ya leo. Jua likitoboa ukungu kwenye mahindi ya jirani, moyo unaruka, na mara moja najiuliza: ni jua, au ni mimi? Najichunguza. Nimelala? Nimelala. Sentensi zangu zinafika mwisho? Zinafika. Basi ni jua. Naruhusiwa kulifurahia, na nalifurahia mpaka uji unapoa. Inanishangaza kwamba kichwa kimoja kinaweza kubeba hali ya hewa yote ile na bado kikajua kupima kiuno cha suruali.

Juzi, Endasak, baada ya chakula, tulikaa na shemeji tunapukuchua mahindi. Hazungumzi sana, unamjua. Ghafla akasema, "Siku ile ya mlima, uliporudi ukalala, dada yako alitapika."

Niliacha gunzi.

"Alikwenda nyuma ya zizi akatapika. Akarudi kusonga ugali, mwiko ukamponyoka. Nikausonga mimi." Shemeji Gidayeda, dada, mwanaume wa kuchunga ng'ombe, aliyekuwa hajawahi kushika mwiko. "Nikamuuliza kama alikuogopa. Akasema, 'Nimemwogopa kwenda na kurudi. Lakini kama angeniona naogopa, angejiogopa mwenyewe.'"

Tuliendelea kupukuchua.

Mimi nilidhani wewe huogopi. Miaka yote hii nilijua kwamba Mungu alikuumba bila hofu, ndiyo maana mambo yangu yalikuwa mepesi kwako. Kumbe ulikuwa na hofu tangu shambani. Ulinifungia viatu ukiwa na hofu. Ulihamia upande wa korongo ukiwa na hofu. Ulisema maji ni ya wote wawili ukiwa na hofu.

Siku ile nilikuonyesha kila cha ajabu nilichokiona, majani, mwamba, wingu. Na wewe ulikuwa hatua tatu nyuma yangu, na mimi sikugeuka kukutazama.

Nimegeuka sasa. Nakuona. Pumzika, dada, watoto wako wanakua, na mimi usiku huu nimelala kwa muda wa saa nane kamili.

Ni mimi mdogo wako, sote tuliokula chakula chako.